Rubani Aliyesubiri Kuulizwa

Nyumbani kwetu mtu akija na jambo zito, kwanza anapewa kiti. Halafu maji. Halafu zinakuja salamu, na salamu zenyewe haziendi mbio: za huko, za watoto, za mvua, za kuku. Zote zinajibiwa nzuri, hata kama aliyekuja ameacha msiba nyuma yake. Zikiisha, mwenyeji anatulia kidogo, anaweka kanga yake sawa, ndipo anauliza mara ya pili kwa sauti ya chini, "Haya, mna nini huko?" Hapo sasa mgeni anaruhusiwa kulisema lililomleta. Asiyelisubiri swali hilo la pili, kwa maoni ya mama yetu, hakulelewa.

Mimi sina ugomvi na adabu. Nina ugomvi na hilo swali la pili, kwa sababu mdogo wangu Shamsia nusura afe hewani akilisubiri.

Shamsia ni rubani. Najua ukisikia rubani unamwona mtu mwenye begi la magurudumu na ndege kubwa ya mamia ya watu. Wa kwetu anarusha kindege cha injini moja, anapeleka wapima ardhi, madaktari wa mifugo na wafanyabiashara kwenye viwanja vya udongo, ambavyo kabla hajatua inabidi apite juu kwanza kufukuza ng'ombe. Akitua anafungua mlango mwenyewe, anashusha mizigo mwenyewe, na bado hakosekani abiria wa kumuuliza rubani yuko wapi. Jinsi alivyofika huko ni habari ya shamba la marehemu baba kule Sindeni, ambalo siku hizi si letu tena, na leo siisemi.

Alizaliwa hapahapa Kwamndolwa, Korogwe, mimi Zamda nikiwa nimeshafikia umri wa kumbeba mgongoni. Alikuwa mtoto mpole mpaka anaudhi. Akiwa darasa la tatu alikaa na homa darasani tangu asubuhi, akaja kuanguka wakati wa somo la hesabu. Mwalimu alipomuuliza mbona hukusema, akajibu kwamba mwalimu aliuliza hamjambo, wote wakasema hatujambo, na baada ya hapo hakuuliza tena. Mama aliposimuliwa hayo alitabasamu. Alifurahi kabisa, eti mtoto ana heshima. Mimi nilitamani kumfinya.

Baba alipofariki, Shamsia alikuwa chuoni anasomea urubani. Mama akampigia simu, na mimi nilikuwa pale nasikia. Za masomo, za chakula, za wenzako, nzuri, nzuri, nzuri. Mwisho kabisa ndipo akasema, "Ila baba yako amejisikia vibaya kidogo, ukipata nafasi njoo." Kidogo! Baba alikuwa ameshaoshwa. Mdogo wangu akapanda basi, njiani akamnunulia mgonjwa wake zabibu. Alipokata kona ya kwetu akaona turubai na wanaume wamekaa kwenye mabenchi, wametoka kuzika. Alisimama palepale na mfuko wake wa zabibu mpaka nikaenda kumshika mkono.

Mama hakuona kosa, na mpaka leo haoni. Kwake yeye, ukimwambia mtu ukweli wote akiwa mbali, unamuua njiani. Bora umlete kwanza, umkalishe, umpe maji, ndipo umwambie akiwa na wa kumdaka. Sikatai kwamba anafanya hivyo kwa upendo. Lakini upendo huo umenitoa machozi mengi kuliko uadui wa mtu yeyote hapa mtaani.

Mama yetu ni Bi Fatu, mzaliwa wa Handeni, aliolewa huku Korogwe na hajawahi kukubali kwamba mboga za huku zina ladha kama za kwao. Anauza mchicha, mnafu na matembele sokoni Manundu, na mimi nina cherehani yangu barazani kwake. Mwaka huu kabla ya Ramadhani nilikuwa nampima gauni la Idi. Utepe ulipopita kifuani akashtuka, akanisukuma mkono. Nikauliza nini. Akasema hakuna kitu. Nikaweka utepe chini nikamwambia gauni sishoni. Ndipo akanionyesha. Titi la kushoto lilikuwa na uvimbe, mgumu, mkubwa kuliko nilivyotaka uwe.

Nilimpeleka hospitali siku ileile kwa ubishi wangu. Daktari alimpima, akapima tena, akasema aende Dar es Salaam kwenye hospitali kubwa, uvimbe ukatwe mapema. Akiwahi kuna matumaini mazuri. Akichelewa, alisema yule kijana wa watu akiangalia meza, hawezi kuahidi kitu. Mama akamshukuru sana, akamuulizia na wazazi wake.

Tulipofika nyumbani akaweka masharti. Dar hendi bila Shamsia, kwa sababu Shamsia anaishi huko na anajua kuongea na madaktari. Na Shamsia asiambiwe.

"Sasa atakupelekaje kama hajui?" nikamuuliza.

"Atakuja kujua akipata likizo."

"Likizo yake lini?"

"Mungu anajua. Rubani akiwa na mawazo anaanguka, Zamda. Na anaanguka na watoto wa wenzake." Akaniapisha kwa kaburi la baba kwamba sitafungua mdomo. Niliapa kwa hasira, lakini niliapa.

Basi tukawa tunakaa. Kila asubuhi Shamsia anapiga simu kabla hajaenda kazini, na mama anaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie. Za nyumbani? Nzuri. Afya yako mama? Namshukuru Mungu. Hakuna jipya? Hakuna mwanangu, kwema tu. Mimi niko pale na mkasi wangu, nakata vitambaa vya watu vibaya. Titi linakua, na sisi kwema tu.

Sikukuu ya Idi Shamsia alikuja siku mbili, siku mbili tu, na ndege ilikuwa inamsubiri. Tulikaa uani tunamenya kunde. Mama anapenda sana habari za redio ya ndege, anauliza kama mtoto.

"Ukisharuka unamwambia nani kwamba umeruka?"

"Kituo cha kuongozea ndege, Dar," Shamsia akasema. "Kwenye viwanja vidogo kama Handeni hakuna mnara, hakuna mtu anayeniona. Kwa hiyo nikishapaa na ndege imetulia, nawaita. Nawatajia jina la ndege, nimeruka wapi na saa ngapi, naelekea wapi, niko futi ngapi na napanda mpaka futi ngapi. Na tuko watu wangapi, na mafuta yatanifikisha muda gani."

"Idadi ya watu ya nini?"

"Wakija kututafuta wajue wanatafuta wangapi."

"Mungu apishie mbali," mama akasema, akaendelea kumenya. "Na salamu?"

"Habari za asubuhi, imeisha. Wengine hata hiyo hawasemi. Redio ni moja mama, tunaitumia wote. Nikiongea mimi, hakuna mwingine anayeweza kuongea."

"Humuulizi hata ameamkaje?"

"Ana ndege za kila mtu kichwani kwake, saa ngapi aniambie ameamkaje?"

"Na ukiwa na shida?"

"Shida inatangulia. Kabla ya kitu chochote."

Mama alicheka mpaka kunde zikamwagika. "Yaani unamgongea mtu mlango, unaanza na shida! Nyie watu wa angani hamna wazazi?"

Shamsia naye akacheka. Mimi nilikuwa namwangalia mama anavyoubana mkono wa kushoto karibu na mwili, na kucheka kulinishinda. Kesho yake Shamsia akaondoka. Mama akamsindikiza mpaka stendi, akarudi akalala mchana, kitu ambacho hajawahi kukifanya akiwa mzima.

Sasa nisimulie siku ya Handeni. Nasimulia kama alivyoniambia mwenyewe, na nimemrudisha nyuma mara nyingi mpaka amechoka nami. Mazungumzo ya hewani ni ya Kiingereza, mimi nayaleta kwa lugha yetu.

Alikuwa amewafuata wapima ardhi wawili waliomaliza kazi yao huko vijijini. Mmoja aliitwa Gerald, mtu mnene mwenye maneno mengi, akapewa kiti cha mbele pembeni ya rubani. Asubuhi ilikuwa nzuri, upepo wa wastani, uwanja mkavu. Shamsia akaikagua ndege kama anavyofanya siku zote, akawafunga mikanda, wakaruka.

Wakiwa bado hawajapanda sana, akaona mshale wa kipimo cha presha ya oili ya injini umeshuka kidogo. Haukuwa chini kabisa, ila haukuwa mahali pake. Akaugonga kwa kidole. Ukabaki hapohapo. Moyo ukapiga, lakini mikono ikaendelea na kazi, na kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ni kuita Dar.

Aliyeitika alikuwa mzee mmoja ambaye marubani wote wanaijua sauti yake. Shamsia hajawahi kumwona, lakini kwa sauti tu anamheshimu kama baba mkubwa. Shamsia akamwambia kila kitu kwa mpangilio. Jina la ndege, ameruka Handeni, saa, anakwenda Dar, futi alizofika na futi anazopandia, watu watatu, mafuta ya kutosha. Vyote sahihi, vyote kwa sauti tulivu. Yule mzee akasema amempokea, aendelee kupanda, aite tena akifika mbele. Shamsia akayarudia maelekezo yake kama inavyotakiwa. Halafu akanyamaza.

Alinyamaza akisubiri. Mimi hapo ndipo ninapomrudisha kila siku, namuuliza, ulikuwa unasubiri nini? Anasema hakujua kwamba anasubiri. Chuoni walimfundisha shida inatangulia, na yeye mwenyewe alimfundisha mama uani. Lakini hofu ilipomshika, kilichokuja si cha chuo, kilikuja cha nyumbani. Alikuwa ameshajibu nzuri. Sasa mkubwa atatulia kidogo, atauliza tena kwa sauti ya chini, ndipo atamwambia.

Yule mzee hakuuliza. Aligeukia ndege nyingine, kubwa, akaanza kuipangia njia ya kushukia, ikamjibu, ikaja nyingine. Redio ikajaa. Na Shamsia, kwa kuwa aliambiwa aendelee, akaendelea, kila dakika anauacha uwanja wa Handeni nyuma, chini yake mapori na mashamba, mshale unateremka, na yeye anaona si vizuri kuwakatiza watu wazima wanaoongea.

Halafu tone jeusi likatokea kwenye kioo cha mbele. Upepo ukalivuta likawa mstari. Likaja la pili.

Gerald alikuwa ametoa simu anapiga picha. Akaishusha. "Rubani," akasema kwenye kipaza sauti chake, "hiki kioo kinachuruzika nini?"

Shamsia anasema swali lile lilikuwa kama mtu amemfungua kamba mdomoni. Ameulizwa! Akajibu, "Oili. Injini inavuja oili, tunarudi." Na alipoisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, ndipo akatambua kwamba yule mzee wa Dar, aliyekuwa akimtegemea amsaidie, hajui lolote. Akaanza kugeuza ndege. Akabonyeza redio, akaikatiza ile ndege kubwa katikati ya sentensi, akatamka yale maneno ya dharura ambayo yeyote hewani akiyasikia ananyamaza.

Wote wakanyamaza. Yule mzee akamwitikia mara moja. Hakumlaumu. Akamwambia uwanja wa Handeni uko upande gani na umbali gani, akawaondoa wengine kwenye njia yake, akawa anamwita kila baada ya muda mfupi kusikia kama bado yupo. Kioo kilikuwa kimechafuka, Shamsia akawa anachungulia kwa dirisha la pembeni. Gerald alikuwa anasali kwa sauti, mwenzake wa nyuma amejifunika uso kwa kofia. Injini ikaanza kugonga kwa ndani kama mtu anayepiga sufuria kwa mwiko. Ilimfikisha juu ya uwanja, na magurudumu yaliposhika udongo ikajizima yenyewe. Ndege ikasimama kabla ya mwisho wa uwanja, kimya, oili inadondoka chini.

Watu watatu, wazima wote. Shamsia akafungua mlango, akawashusha, akaenda nyuma ya mkia akatapika.

Baadaye yule mzee alimpigia kwa simu ya kawaida. Shamsia alijua anakwenda kugombezwa, akajiandaa kuomba radhi. Mzee akamuuliza, "Binti, ule mshale uliuona lini?"

Shamsia hakudanganya. "Kabla sijakuita, mzee."

Mzee akasema taratibu, "Mimi huku sioni kilichomo kwenye ndege yako. Ninachokijua ni kile unachoniambia. Ukisema uko sawa, mimi nakuacha uende." Akamtakia mapumziko mema, akakata. Shamsia anasema ingekuwa nafuu angemtukana.

Ndege ikabaki Handeni ikimsubiri fundi. Kampuni yake ikamwambia apumzike, atahojiwa baadaye na huenda akasimamishwa kwa muda. Hakwenda hotelini. Alipanda basi la Korogwe.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani, mama anafunga matembele mafungumafungu barazani. Tukamwona anaingia na sare yake, shati jeupe lina madoa ya oili kwenye mkono. Mama akainuka na furaha yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Mbona hata hukusema unakuja? Zamda, kiti. Zamda, maji. Haya, habari za—"

"Mbaya, mama."

Mama alibaki na fungu la matembele mkononi. Nadhani tangu azaliwe hajawahi kujibiwa hivyo.

"Leo asubuhi injini imeniharibikia hewani, nina watu ndani. Nusura tufe." Hakukaa. Kiti nilikileta, akabaki amesimama. "Na niliona mapema, mama. Niliona kabla sijaongea na Dar. Nikawaambia mambo yote, nikaacha hilo. Unajua kwa nini? Nilikuwa nasubiri waniulize mara ya pili."

Akaanza kulia, kulia kwa hasira, kama mtu aliyepigwa na ndugu yake. Akasimulia yote amesimama hivyohivyo, mpaka alipofika kwa Gerald na kioo. Mama alikuwa ameshakaa chini bila mtu kumkaribisha.

"Na huyo mzee," mama akasema, "hakukuuliza?"

"Si kazi yake kuuliza. Yuko Dar, haoni. Ukimwambia kwema, anajua kwema."

"Ungekufa."

"Ningekufa, na wale baba za watu ningekufa nao, na ningekuwa nimetoa taarifa safi kabisa."

Nilikuwa nimeleta glasi ya maji ya Shamsia. Mama akaichukua mkononi mwangu, akanywa yeye, yote. Akaiweka chini. Aliangalia matembele, hakumwangalia yeyote kati yetu, akasema kwa sauti yake ya kawaida ya sokoni:

"Nina uvimbe kwenye titi. Upo tangu kabla ya Ramadhani, na unakua. Daktari anataka ukatwe, na mimi naogopa."

Shamsia alifuta uso kwa mkono wenye oili. Akapiga magoti mbele yake pale barazani. Akauliza upande gani, mama akamwonyesha. Akauliza unauma, mama akasema usiku. Akauliza daktari alisemaje hasa, neno kwa neno, na mama akamwambia neno kwa neno, hata lile la kutoahidi kitu ambalo mimi nilidhani hakulisikia. Kisha wakashikana, mama na mwanawe, na mama akalia kama sikuwahi kumwona akilia hata kwenye msiba wa baba. Mimi nililia kwenye gauni la mteja. Nililia kwa huzuni, na kwa kitu kingine pia, maana miezi yote ile nilikuwa nimebeba peke yangu, na sasa mgongo umekuwa mwepesi.

"Tunaondoka kesho na basi la asubuhi," Shamsia akasema. "Kazi hawanihitaji kwa sasa, nina muda wote."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akapenga kamasi kwa ncha ya kanga, akajiweka sawa, ndipo akanigeukia mimi na kunikazia macho.

"Na wewe Zamda. Siku zote hizi mdogo wako anakuja na kuondoka, anapiga simu kila asubuhi, wewe umekaa hapo. Ulikuwa unasubiri nini kumwambia?"

Nilifungua mdomo. Kaburi la baba, kiapo, kila kitu kilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikamwangalia, amechoka, macho mekundu, anasubiri jibu kwelikweli. Nikaufunga mdomo, nikaingia ndani kumpangia nguo za safari.